Chumvi au dawa? Mkwangue samaki kwanza

Mimi ni mtu wa maabara. Kutwa nainamia hadubini nikitazama choo, mkojo na damu za watu wa Tanga: mayai ya safura, mayai ya kichocho cha mkojo yenye ule mwiba nchani, vijidudu vya malaria. Nyumbani kwangu Chumbageni kuna matangi ya samaki sebuleni, na jingine dogo liko uani chini ya mwembe kwa ajili ya wagonjwa na wageni. Mtaani wameshanizoea. Samaki wa mtu akianza kujikuna, mwenyewe utamwona mlangoni kwangu na chupa ya jemu mkononi.

Juzi kaja kijana wa nyumba ya tatu, anayefuga samaki wa dhahabu.

"Shikamoo dada."

"Marahaba mdogo wangu. Wamefanyaje?"

"Wanajisugua kwenye mawe, mapezi wameyabana. Nimewatia chumvi, hawaponi. Nikawanunulie dawa?"

"Chumvi kiasi gani?"

"Ukufi mmoja."

Nikampa bakuli la chumvi na mizani ya jikoni, achote tena ukufi ule ule. Ukaja gramu 45. Tangi lake tulishalipima: urefu sentimita 60, upana 30, maji yamefika kimo cha sentimita 30. Zidisha, gawanya kwa elfu moja, unapata lita 54. Toa mchanga na mawe, inabaki kama lita 50. Maana yake samaki wale walikuwa kwenye maji yasiyofikisha hata gramu moja ya chumvi kwa lita. Kiasi hicho kinampunguzia samaki uchovu kidogo, ila vimelea wengi hawakisikii.

Swali lake la pili, kama akanunue dawa, sikulijibu mpaka nilipomkwangua samaki mmoja ute wa ngozi, nikautazama kwenye hadubini. Huo ndio msimamo wangu siku zote na ndiyo sababu ya kuandika haya. Ukiuliza chumvi au dawa kabla hujajua ni mdudu gani, unapiga ramli, na anayelipa ni samaki.

Kabla hata ya kukwangua, tazama maji. Samaki hujikuna na kuhema juu ya maji kwa sababu ya amonia na naitraiti, sumu zitokanazo na kinyesi chake na mabaki ya chakula, kama anavyojikuna kwa vimelea. Tangi jipya ambalo kichujio chake hakijakomaa, yaani hakijaota bakteria wa kula sumu hizo, ndilo mtuhumiwa wa kwanza. Maji yetu ya bomba hapa mjini yanatoka Bwawa la Mabayani kwenye Mto Zigi, na yakishasafishwa hutiwa klorini, kama inavyopasa kwa maji ya kunywa. Klorini hiyo hiyo inaunguza matamvua. Mimi huacha maji kwenye ndoo wazi usiku kucha, na jiwe la hewa, lile la pampu linalotoa mapovu, ndani yake, ndipo niyatumie. Na kama shida ni naitraiti, hapo chumvi inasaidia kweli: kloridi iliyomo hushindana na naitraiti kwenye matamvua, nayo ikashindwa kuingia kwenye damu kwa wingi. Lakini hiyo ni huduma ya kwanza tu. Tiba ni kubadilisha maji na kupunguza chakula.

Sasa kukwangua. Lowesha mikono. Mshike samaki ndani ya kitambaa kilicholowa, kichwa kikiwa kushoto kwako. Chukua kioo kile chembamba cha kufunikia slaidi (slaidi ni kipande cha kioo cha kuwekea kitu chini ya hadubini), uulaze upande wake nyuma ya pezi la ubavuni, uvute taratibu kuelekea mkiani, kufuata magamba yalivyolala. Usikandamize, unachotaka ni ute tu. Weka ute huo kwenye slaidi pamoja na tone la maji ya tangi lake mwenyewe, si ya bomba, funika, na utazame hapo hapo. Ute uliokaa nusu saa hauna habari tena, vimelea wamekufa au wametulia na huwatambui. Anza na lenzi ndogo, kisha ile ya kumi. Samaki arudi majini ndani ya nusu dakika.

Ukishaona mara moja husahau kamwe. Kile kimelea cha madoa meupe, Ichthyophthirius multifiliis, ni duara kubwa jeusi-jeusi linalobingirika polepole, nywele zikicheza pembeni pande zote, na kiini chake kimepinda mithili ya chuma cha kwato ya farasi. Kinaweza kufika karibu milimita moja, kwa hiyo hata hadubini ya shule inakionyesha. Trichodina ni kisahani kinachozunguka kwa kasi, na ndani yake kuna duara la meno. Costia ni vinukta vidogo mno vinavyopepesuka, na hapo unahitaji lenzi kubwa na subira. Halafu wapo minyoo bapa. Hawa wananishangaza kila nikiwaona. Gyrodactylus hana macho, anajinyoosha na kujikunja akiwa amejishika kwa kulabu zake za nyuma, na ukituliza mkono utaona kulabu nyingine katikati ya tumbo lake: ni za mwanawe. Anazaa, hatagi. Na mtoto yule aliye tumboni mara nyingi naye ameshaanza kubeba wake. Ndiyo maana samaki huonekana mzima leo na wiki ijayo amejaa.

Samaki wa kijana alikuwa na hao hao Gyrodactylus, na wengi.

Kwa minyoo bapa nachagua dawa, tena dawa ambayo kila mzazi wa Tanga anaijua: praziquantel, vile vidonge vikubwa vya kichocho wanavyomezeshwa wanafunzi shuleni. Mnyoo wa kichocho naye ni mnyoo bapa, ni ukoo mmoja mpana na hawa wa samaki. Kidonge ni miligramu 600. Kwenye maji, kiasi cha miligramu 2 hadi 3 kwa lita kinatosha kwa samaki waliokaa humo siku kadhaa. Vidonge vingi vina mistari ya kukigawa mara nne, na robo moja ni miligramu 150, kwa hiyo tangi la lita 50 linataka robo tu. Twanga hadi iwe unga laini, maana haiyeyuki vizuri kwenye maji. Tia kwenye chupa na spiriti kidogo, tikisa kwa nguvu, kisha mimina mbele ya mdomo wa kichujio. Mkaa wa kichujio utoe kwanza, la sivyo utainyonya dawa yote. Ongeza hewa. Kwa kawaida wale wanaozaa huishia hapo. Lakini ndugu zao wa matamvuani, Dactylogyrus, wenye vidoa vinne vya macho kichwani, hutaga mayai, na praziquantel haiui mayai. Rudia baada ya siku tano hadi saba ili kuwakamata walioanguliwa kabla nao hawajaanza kutaga.

Niseme jambo moja kwa uzito. Vidonge vya kampeni ya shule ni vya watoto. Usimwombe mwalimu akubakizie. Nenda duka la dawa, eleza unachotaka, nunua kimoja.

Na chumvi kwa minyoo hawa? Chumvi kali ya dakika chache huwapunguza, hasa kwa gapi, visamaki vidogo vya tangini ambavyo vinaistahimili. Lakini kupunguza mdudu anayezaa watoto wenye mimba si kutibu.

Sasa madoa meupe, maana hapa ndipo chumvi inapostahili heshima yake. Mabingwa wanakijua kimelea hiki tangu Fouquet alipokieleza mwaka 1876, na bado kinaua samaki wengi kwa sababu watu hawaujui mzunguko wake. Samaki huonekana kama amenyunyiziwa semolina mwilini na kwenye mapezi. Kila punje ni kimelea kimoja kilichojizika chini ya ngozi, kinakula. Kikiwa pale chini hakiguswi, si na chumvi wala na dawa yoyote ya majini ya kawaida. Kikishiba kinatoboa, kinaanguka chini, kinajifunika kwa gamba kwenye mchanga au juu ya jani, na humo kinajigawa mara nyingi, mamia hadi karibu elfu moja. Gamba likipasuka, watoto hao wanaogelea kutafuta samaki. Wana siku moja au mbili tu. Asiyepata samaki ndani ya muda huo anakufa. Hapo, wakati wanaogelea uchi, ndipo chumvi na dawa zinapowapata.

Kwa hiyo ukitia dawa Jumatatu, Jumatano madoa yakaisha, usishangilie. Hayajafa, yameanguka, na sasa yanajigawa mchangani. Wengi huacha tiba siku hiyo hiyo, na baada ya wiki wanasema dawa ilikuwa feki.

Kasi ya mzunguko inategemea joto. Kwenye nyuzi 24 hadi 26 humalizika kwa siku tatu hadi sita. Kwenye maji ya nyuzi 10, huko nchi za baridi, huchukua zaidi ya mwezi. Sisi wa pwani tumejaliwa. Msimu wa kaskazi, Januari na Februari, kipimajoto cha tangi langu husoma nyuzi 29 au 30 bila hita yoyote, na kwenye 30 kimelea hiki kinahangaika hata kuzaana. Madoa meupe huku hutusumbua zaidi wakati wa kipupwe, Juni hadi Agosti, kusi ikivuma na usiku joto la maji likashuka. Wakati huo hita ndogo ya kupandisha maji hadi 29 au 30 ni nusu ya tiba. Ila kumbuka maji ya moto hayabebi hewa nyingi: kwenye nyuzi 25 yakijaa hewa yana oksijeni kama miligramu 8.3 kwa lita, kwenye 30 ni 7.6 hivi. Na umeme ukikatika pampu inasimama. Weka pampu ya betri karibu, au uwe tayari kuchota maji kwa kikombe na kuyamwaga kutoka juu.

Chumvi yenyewe natumia gramu 2 hadi 3 kwa lita. Siitii kwa mara moja. Theluthi leo asubuhi, theluthi jioni, theluthi kesho, kila mara imeyeyushwa kwanza kwenye jagi la maji ya tangi. Punje za chumvi zikimwangukia samaki aliyelala chini zinamuunguza. Naendelea siku 10 hadi 14, hata madoa yakiwa yameisha, na kila baada ya siku mbili nafyonza uchafu wa mchangani kwa mpira, kwa sababu huko ndiko magamba yaliko.

Kuna hesabu moja huwapotosha watu. Chumvi haipai na mvuke. Maji yakipungua kwa jua na upepo, jaza maji matupu. Ukitoa maji kwa mpira, rudisha chumvi ya maji uliyotoa tu: umetoa lita 20 kwenye tangi lenye gramu 2 kwa lita, basi lita 20 mpya zinataka gramu 40, basi. Anayepima upya tangi zima kila akibadilisha maji atafika kwenye gramu 5 au 6 bila kujua.

Chumvi gani? Ya mawe inayouzwa sokoni inafaa, ioshe haraka kama ina matope. Ya pakiti nayo inafaa. Watu wanaiogopa ile yenye madini joto, lakini kiasi kilichomo ni kidogo sana, hakijawahi kudhuru samaki wangu. Pima kwa uzito, usipime kwa kijiko. Kijiko cha chai cha chumvi laini ni gramu 6 hivi, cha chumvi ya mawe ni kingine kabisa.

Kwa nini inafaa? Damu ya samaki wa maji baridi ina chumvi nyingi kuliko maji anamoishi, kwa hiyo maji yanamwingia mchana na usiku kupitia matamvua, naye anakojoa bila kukoma ili ayatoe. Vimelea wakimtoboa ngozi, maji yanaingia zaidi na chumvi yake inavuja. Ukiongeza chumvi kidogo nje unampunguzia kazi hiyo, anabaki na nguvu ya kupona. Wale watoto wa kimelea, wenye chembe moja tu na wasio na ngozi ya maana, ndio wanaoshindwa.

Wapo wasioipenda. Vikambare vidogo vya Corydoras na jamaa zao wasio na magamba hutaabika, na majani laini mengi huoza. Kwao shuka gramu 1, panda joto, ongeza siku. Au hamishia wagonjwa kwenye ndoo. Na wafugaji wa samaki wa Ziwa Tanganyika, msichanganye mambo: maji ya ziwa lile ni magumu na pH yake iko juu, karibu 9, lakini si maji ya chumvi. Chumvi ya mezani haiyafanyi maji ya Zigi kuwa Tanganyika.

Kuna pia kuogesha kwa muda mfupi, gramu 30 kwa lita, dakika tano hivi, ukiwa umekaa hapo hapo na neti mkononi. Samaki akilala ubavu, mtoe papo hapo. Hii inafaa kwa Trichodina na Costia zilizo juu ya ngozi. Kwa madoa meupe haina faida, maana yako chini ya ngozi.

Niwaseme na samaki wetu wenyewe, maana nawapenda kuliko wote. Baada ya masika, madimbwi ya tambarare za pwani hapa hujaa, na ndani yake huwa na visamaki ambavyo mayai yake yalilala kwenye tope kavu kiangazi kizima. Ni Nothobranchius. Zanzibar wana wao, N. guentheri. Pwani hii ya kaskazini mwa Tanzania na kusini mwa Kenya yuko N. palmqvisti, dume lake lina mkia mwekundu ambao hakuna samaki wa dukani anayeufikia. Dimbwi likikauka wote wanakufa na mayai yanabaki. Ukichukua, chukua wachache na usilifukie dimbwi.

Samaki hawa wana adui mmoja mkubwa wakiwa tangini: Piscinoodinium, vumbi la dhahabu. Linaanza matamvuani, kwa hiyo utaona anahema mbio kabla hujaona kitu mwilini. Zima taa usiku, washa tochi ya simu ukiielekeza kutoka ubavuni. Ukiona mng'ao wa unga wa manjano mgongoni, ndilo. Dukani watakuuzia dawa ya shaba, nayo inaua kweli, lakini inaua konokono na kamba wa tangini pia, na kipimo chake ni chembamba mno: karibu miligramu 0.2 kwa lita, na bila vifaa vya kupimia usiiguse. Kwa Nothobranchius nachagua chumvi, na siisubiri wakaugua. Gramu 1 hadi 2 kwa lita tangu siku wanapoingia, na iwe ya kudumu. Kimelea chenyewe kina kijani cha mimea ndani yake na hutumia mwanga, basi funika tangi kwa khanga wakati wa tiba.

Kwa minyoo ya tumboni chumvi haina kazi kabisa. Gapi akitokwa na nyuzi nyekundu nyuma, ni Camallanus. Dawa yake ni levamisole, ambayo maduka ya mifugo huuza kwa ajili ya mbuzi na ng'ombe: miligramu 2 kwa lita kwa saa 24, tangi likiwa gizani, kisha fyonza chini vizuri sana kwa sababu minyoo hupooza na kuanguka, si lazima wafe. Rudia baada ya wiki mbili au tatu. Samaki anayekonda na kunya nyuzi nyeupe ni habari nyingine, hapo metronidazole kwenye chakula hufanya kazi. Ile ni dawa ya watu ya cheti, usiitupe majini kila samaki akikosa hamu.

Formalini tunayo kazini na siileti nyumbani. Inaua vimelea wengi, ila inamaliza hewa majini, mvuke wake unachoma macho na inasababisha saratani. Malakaiti ya kijani vivyo hivyo: nchi nyingi zimeipiga marufuku kwa samaki wa kuliwa. Anayefuga sato uani kwa ajili ya chungu asitie hata tone. Huyo chumvi inamtosha, na akizidiwa amwite mtaalamu wa mifugo.

Kijana nimempa robo ya kidonge ikiwa imeshatwangwa, na ratiba ya kurudia. Chumvi aliyotia nimemwambia aiache tu, itapungua yenyewe kadiri anavyobadilisha maji. Aliuliza kama achemshe mchanga na kumwaga kila kitu. Hapana. Vimelea wengi wa namna hii hawaishi bila samaki. Ukiwahamishia samaki wote ndoo ya tiba na tangi likakaa tupu kwenye joto letu hili wiki mbili, madoa meupe yameisha yenyewe. Neti na mpira wa kufyonzea anika juani hadi vikauke kabisa, na kila tangi liwe na neti yake. Na samaki mgeni, awe ametoka Dar kwa basi ndani ya mfuko au dimbwini Mkinga, akae peke yake chini ya mwembe wiki tatu au nne kabla hajaonana na wenzake.